Kiti cha Wakazi wa Chini

Umeme wa mtaa ule ulikatika asubuhi, Kinyozi akiwa katikati ya kichwa cha mtu. Mashine ya kunyolea ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza, na mteja akabaki upande mmoja unang'aa, upande wa pili kichaka. Kinyozi akamwambia avute subira, si kitu, unarudi sasa hivi. Mteja alikuwa mtu mwema, akavuta subira. Ndivyo alivyokuja kuhudhuria mkutano usiomhusu ndewe wala sikio, lakini hayo tutayafikia.

Nyumba ya pili kutoka saluni, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mashine alikuwa anaosha vyombo. Yeye hakusikia umeme ukikatika, alisikia kimya. Katika chumba chake cha nyuma kulikuwa na feni ndogo iliyovuma usiku na mchana, na ilipoacha kuvuma aliiachia sahani ndani ya beseni akakimbia na mapovu yake mikononi.

Feni ile ilikuwa ya kiangulio. Kiangulio, kwa asiyejua, ni sanduku la joto linalofanya kazi ya kuku anayeatamia, ila halinuni. Mumewe alikuwa fundi wa umeme, na hata mama yake mzazi alimwita Fundi. Ndiye aliyekijenga kwa matofali na mlango wa friji bovu, akakishindilia ukutani kwa saruji. Fundi akijenga kitu hakihami. Ukitaka kukiondoa uje na nyundo, na nyundo ilikuwa imeshatajwa.

Maana ilikuwa hivi. Mayai ya mara ya kwanza yalichemka. Si kwa mfano. Yalichemka kweli, na wakayala. Ya mara ya pili yaligeuka viza, nyumba ikanuka mpaka wageni wakapungua. Ndipo wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, akaitisha kikao cha familia. Wifi alikuwa mtu wa vikao. Angeweza kuitisha kikao kuamua nani azime taa. Mama mkwe alikuwa akikaa kwa Wifi, katika chumba chenye sakafu ya baridi, magoti yanamuuma, na chumba kile cha nyuma kilikuwa ahadi yake tangu zamani. Kikao kikaamua: mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Mayai sitini. Yakitotoa nusu, chumba ni cha mashine. Yasipofika nusu, nyundo, na mama analeta godoro lake.

Mama Mashine alikubali kwa sauti ndogo. Tangu aolewe alikuwa mke wa Fundi, wifi wa Wifi, mkwe wa mama. Chumba kile, pamoja na harufu yake, ndicho kitu cha kwanza kilichompa jina lake mwenyewe, hata kama jina lenyewe lilianza kwa dhihaka. Alikipenda, na aliogopa kukipoteza, na hakuona sababu ya kujifanya haogopi.

Na safari hii mambo yalikuwa yanakwenda. Akilimulika yai kwa tochi aliona mishipa myekundu na kitu kidogo kinashtuka mle ndani. Sasa akaweka kiganja juu ya mayai, akahisi joto linaondoka. Akafunga mlango wa friji. Akaleta mablanketi yote ya nyumba hiyo na moja la jirani, akachemsha maji kwenye jiko la mkaa, akajaza chupa na kuzipanga mle ndani. Alikuwa anapiga magoti kuziba upenyo wa mlango kwa kanga yake ya kujifunga pale Fundi alipoingia anahema.

"Fuko amekula waya," alisema Fundi.

"Waya upi?"

Hapa lazima mjue kwamba Fundi alikuwa mtu wa kuanzia mbali. Ukimuuliza saa ngapi, ataanza na siku aliyonunua saa. Watu wengi walimpenda, lakini wachache walikuwa na muda wa kumsikiliza hadi mwisho.

"Ile siku tulipofukia waya wa huu mtaa," akaanza, "udongo ulikuwa bado..."

"Fundi! Mayai yanapoa. Chimba, unga, washa."

"Siwezi kuchimba. Pale shambani, juu ya kiungo cha waya, amelala kanga, ana mayai. Lakini kuna..."

"Lakini nini? Kanga! Mimi hapa ninazikwa na wewe unanihesabia kanga! Usiniambie kitu. Nyamaza kabisa, usinisemeshe."

Fundi akafungua mdomo, akaufunga, akanyamaza. Alikuwa mume mtiifu kwa wakati mbaya.

Sasa, shamba la jua. Ndivyo wenyewe walivyoliita, ingawa hakuna aliyelima. Zamani lilikuwa jalala la vifusi, hata mbuzi walilikwepa. Wakazi wa mitaa ile walichanga, wakanunua paneli, betri na nyaya, wakazipanga safu kwa safu, na umeme ukawa wao, bila bwana wala bosi. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kuosha paneli vumbi. Maji ya kuoshea yakadondoka chini, kivulini, mwezi kwa mwezi, na siku moja wakaona majani. Baada ya majani wakaja panzi, baada ya panzi kwale, kisha kobe wawili ambao hakuna aliyejua wametokea wapi, kisha sungura, fuko, nguchiro na kundi la kanga wa porini wenye kelele za kudai haki. Kanga wakala mchwa waliokuwa wanatafuna nguzo, sungura wakala majani yaliyotaka kupanda hadi kwenye paneli. Mkutano mkuu ukakaa, ukakuna vichwa, ukaona hawa nao wanafanya kazi. Wakaandikishwa uanachama kwa jina la Wakazi wa Chini.

Na kwa kuwa mwanachama ana haki ya kusikilizwa, wakawekewa kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. Kila mkutano nyumba moja ilitoa mtu wa kukikalia na kuwasemea. Ukikaa pale huna nyumba, huna mume, huna shida zako. Wewe ni wao. Na kura zikifungana, kiti ndicho kinachoamua. Hazikuwahi kufungana. Watu walikichukulia kama mzaha wa kupumzikia. Kinyozi zamu yake ilipofika alisimama akasema kobe hawana neno, ila wanaomba mkutano uishe mapema.

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Jamaa wa aliyekaa kwenye kiti haruhusiwi kusema mpaka kiti chenyewe kimwite. Sharti hilo lilitungwa baada ya zamu ya mke wa Kinyozi, mume alipokaa nyuma yake akimnong'oneza, na nguchiro wakajikuta wanaomba saluni ipewe umeme bure.

Mama Mashine hakukichukulia kiti kwa mzaha wala kwa uzito. Alikuwa na mambo yake na kanga. Baada ya yale mayai viza alikwenda shambani, akalala kifudifudi majanini, akamtazama kanga mmoja anavyoatamia. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kanga alikuwa anayageuza mayai kwa mdomo, kidogo kidogo, mara nyingi kuliko alivyodhani, na la pembeni analivuta katikati, la katikati analisogeza pembeni. Akaenda nyumbani akafanya vilevile. Kila kitu kilichokuwa hai ndani ya kiangulio kilikuwa hai kwa sababu alimwiga yule ndege. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, kwamba amefundishwa kazi na kanga?

Mkutano wa dharura uliitwa adhuhuri, kwenye banda la betri, penye kivuli. Wifi ndiye alikuwa mwenyekiti, kama mlivyokwisha kukisia. Mama Mashine alifika na mkaa usoni. Alikuwa amekuja kusimama, kulia, kupiga magoti ikibidi, awaombe wachimbe. Alikuwa ameyapanga maneno yote njiani.

"Zamu ya kiti ni ya nyumba gani?" Wifi akauliza.

Mtu akasema taratibu, "Ya Fundi."

"Fundi ni mtumishi wa chama, hakai. Anakaa mkewe. Wifi, pita mbele."

"Wifi, mimi leo nina shida yangu..."

"Hapa hakuna wifi. Kaa."

Akakaa. Kiti kikayumba, akakishika. Fundi, aliyesimama karibu na betri, akanyoosha mkono.

"Jamaa wa kiti hasemi," akasema Wifi.

"Na wewe si jamaa yake pia?" Kinyozi akauliza.

"Mwenyekiti hana jamaa," akasema Wifi, na hakuna aliyecheka, kwa sababu alimaanisha.

Akaeleza mwenyewe, kwa kuwa Fundi alishamwambia njiani na yeye alisikiliza hadi pale alipoona panatosha. Fuko ametafuna waya. Waya uko chini. Juu yake yuko kanga. Kuchimba au kutochimba. Fuko, akaongeza, ni mwanachama, kwa hiyo hatashitakiwa.

Kinyozi alisimama kwanza. Alisema yeye anawapenda wanyama kuliko watu wengine hapa, hatawataja, lakini ana mtu dukani kwake mwenye nusu kichwa. Akamwashiria mteja, ambaye alisimama akajizungusha polepole ili wote waone. Watu wakaguna kwa huruma. Mwanamke mmoja wa mtaa wa juu, ambao umeme wake haukuwa na tatizo lolote, akasimama akasema nywele huota, mayai hayaoti. Mtu mwingine akamjibu ni rahisi kusema hivyo ukiwa na friji inayovuma nyumbani. Kelele zikapanda. Fundi akanyoosha mkono mara ya pili. Wifi akamkata jicho, mkono ukashuka.

Wifi akasema kiti kiulizwe kama kina mtu wa kumwita.

Mama Mashine akamtazama mumewe. Mkono wa Fundi ulikuwa unapanda tena, nusu nusu. Anataka kumtetea kanga wake, akawaza. Asubuhi kanga, mchana kanga. Akageuza uso.

"Kiti hakina wa kumwita."

Kura zikapigwa kwa mikono. Wifi akahesabu, akahesabu tena, akavua miwani, akaifuta, akahesabu mara ya mwisho. Zilifungana. Banda zima likageukia kiti cha plastiki.

Jamani, kuna vimya na vimya. Kile kilikuwa cha watu wanaojua kabisa utasema nini na wanakusamehe kabla hujasema. Nusu ya mkutano ilikuwa imeshaanza kutafuta majembe kwa macho. Nani angemlaumu? Neno moja tu, chimbeni, na jioni feni inavuma. Hata Wifi alitazama pembeni, na kwa mtu kama Wifi hiyo ni hisani kubwa.

Mama Mashine alifungua mdomo aseme chimbeni. Lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Akamwona yule kanga na kichwa chake kidogo cha buluu, anageuza yai. La pembeni katikati, la katikati pembeni. Akajiona amelala majanini, anajifunza. Akaona haya, haya kabisa, kama mtu aliyekula kwa mwenzake kisha akataka kumvunjia chungu.

"Kanga anasema hapana," akasema.

"Sema kwa sauti," akasema Wifi.

"Kanga anasema hapana! Ukimtoa leo harudi. Nimekaa naye, namjua. Akishaondoka yale mayai yamekufa, yote, na hana mara ya pili wala ya tatu, hana kikao. Msichimbe."

"Shemeji," Kinyozi akasema, taratibu sasa, "na mayai yako je?"

"Kanga hana mayai kwenye mashine," akajibu, na machozi yakamtoka, mengi, yakachora mistari kwenye mkaa wa mashavuni.

Wifi akamwinamia. "Kiti kinalia?"

"Kanga hawalii."

"Basi ieleweke kwamba kiti kina mafua," Wifi akautangazia mkutano. "Kiti kimeamua. Hatuchimbi. Mkutano umefungwa."

Watu wakainuka. Wengine walimpita Mama Mashine wakamgusa bega. Yeye akabaki amekaa. Hakuwa kanga tena, alikuwa mwanamke mwenye mayai sitini yanayopoa, na aliumia hasa, pale kifuani, mahali panapojulikana.

Fundi akaja, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Shusha mkono, mkutano umeisha," akasema mkewe. "Sema."

"Ile siku tulipopeleka umeme zahanati," Fundi akaanza.

Kwa mara ya kwanza katika ndoa ile hakumkatiza. Hakuwa na nguvu. Na kwa kuwa yeye hakumkatiza, na wengine waliokuwa karibu walisimama. Fundi akapita zahanati, akapita mvua ya siku hiyo, akapita lori lililokwama na dereva wake aliyekuwa na tabia ya kuimba, akafika kwenye bunda la waya lililobaki, ambalo lipo stoo, jipya, refu, na linaweza kufungwa juu ya uzio kutoka hapa hadi mtaani bila kugusa udongo hata kidogo, ila haliwezi kutolewa bila idhini ya mwenyekiti.

Wifi akamgeukia Fundi.

"Kwa nini hukusema?" Wifi akauliza.

"Asubuhi mke wangu aliniambia ninyamaze. Mchana wewe ukaniambia ninyamaze." Fundi akafikiri kidogo. "Nikanyamaza."

"Idhini imetolewa," akasema Wifi, na akawa wa kwanza kukimbia. Hakuna aliyewahi kumwona Wifi akikimbia. Alikimbia vizuri.

Mchana ule mtaa mzima ulifunga waya kwenye uzio. Waliopiga kura ya kuchimba na waliopiga kura ya kutochimba walishikilia ngazi moja. Mteja wa nusu kichwa alibeba bunda la waya begani tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu, alisema, yeye ndiye mwenye haraka kuliko wote. Kanga hakuinuka, aliwatazama kwa jicho moja kama bibi anayewatazama wajukuu wakifanya fujo, akaendelea na yake. Jua lilipoanza kuzama feni ikavuma. Mama Mashine akaweka kiganja juu ya mayai. Yalikuwa vuguvugu. Vuguvugu si baridi, lakini si joto pia, na hakuna tochi ingemwambia usiku huo nani amebaki.

Akamgeukia Fundi, aliyekuwa amekaa sakafuni na koleo lake. "Nisamehe," akamwambia. Fundi akaanza kumjibu, akianzia siku walipokutana. Alimsikiliza yote.

Siku ya kutotoa ilipofika, Wifi alikuja asubuhi na nyundo ndani ya mfuko wa sokoni, kwa sababu makubaliano ni makubaliano. Mama mkwe alikuja nyuma yake, na godoro likaja nyuma ya mama mkwe, kichwani kwa Kinyozi. Wakakaa wote chumba cha nyuma. Mayai yalichelewa. Kisha moja likapasuka, likatoka kitu kimelowa, kinatia aibu kukitazama, kikasimama, kikaanguka, kikasimama. Mama Mashine akalia bila mafua yoyote.

Walitoka mmoja mmoja, mchana kutwa, na jioni na usiku, na hadi kesho yake hakuna aliyekwenda kwake. Kisha wakaacha kutoka. Wifi akavaa miwani akahesabu.

"Ishirini na wawili," akasema.

Vifaranga walikuwa wanapiga kelele. Fundi akautazama ukuta wake wa matofali. Mama Mashine akajifuta mikono kwenye nguo, akavuta pumzi, akasema, "Nyundo iko wapi? Nitavunja mwenyewe."

"Subiri," akasema Wifi. "Kikao hakijafungwa. Siku ya mkutano, kwenye kile kiti, ulikuwa nani?"

"Wifi, leo sina..."

"Jibu swali. Ulikuwa nani?"

"Kanga."

"Fundi. Yule kanga ametotoa wangapi?"

Fundi akaanza na hali ya hewa ya juma lililopita. Wote wakangoja.

"...na nilipochungulia walikuwa tisa, mayai yote yametotoa," akamaliza.

Wifi akahesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. "Ishirini na wawili, na tisa. Imepita nusu." Akavua miwani. "Kwa mujibu wa sharti, aliyekaa kwenye kiti ni wao, na vifaranga wao ni wake. Sikulitunga leo."

Alitamka hivyo kwa uso ule ule anaotumia kutangaza kodi ya stoo. Kisha akamsukumia Mama Mashine ule mfuko wa sokoni, nyundo ikiwa ndani, na kumwambia aitunze yeye, nyumbani kwake haina kazi.

Mama Mashine akaukumbatia mfuko wenye nyundo. Alitaka kusema asante, ikatoka kwikwi.

Mama mkwe muda wote huo alikuwa amekaa juu ya godoro lake karibu na mlango wa friji, amenyoosha miguu. Sasa Kinyozi akainama kulibeba alirudishe.

"Liache hapo," akasema mama mkwe.

"Mama, chumba kimeshaamuliwa," Wifi akasema.

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Chumba ni cha mke wa mwanangu. Lakini tangu jana nimekaa hapa na magoti hayaniumi. Mnajua kuna joto gani humu?" Akamtazama Mama Mashine, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu anayeomba. "Mwanangu, unikaribishe. Nitakugeuzia mayai."

Mama Mashine akajifuta uso kwa nyuma ya mkono, akapiga magoti kando ya godoro, akamshika mkono mkwewe na kumwonyesha. La pembeni katikati, mama. La katikati pembeni.